Nani abaki kwenye karatasi ya kuchujia? Njia 4 za kutengeneza chumvi zikiwekwa pamoja

Unapewa sentensi moja tu, "andaa chumvi fulani, kavu na safi", mbele yako kuna asidi, kuna makopo ya unga, kuna vipande vya metali, kuna chupa ya alkali (besi, yaani kitu kinachomaliza nguvu ya asidi, iliyoyeyuka kwenye maji), na hapo ndo watu wengi wanaganda. Mlinganyo wanaujua, wanaubalansi vizuri kabisa, ila mlinganyo haukwambii uanze na kopo lipi na haukwambii utaitoaje hiyo chumvi humo ndani ikiwa peke yake. Mimi nilikaa muda mrefu nikizikariri hizi njia kama vitu vinne visivyojuana, nikawa nazichanganya kila mtihani, mpaka nilipoacha kuuliza "nichanganye nini na nini" nikaanza kuuliza "nikishachuja, nani atabaki kwenye karatasi". Swali hilo lilinifungulia karibu kila kitu na ndo nitakalolitumia hapa.

Chumvi kwa maana ya kemia ni kile unachopata pale haidrojeni ya asidi inapoondoka na nafasi yake kuchukuliwa na ioni (chembe yenye chaji) ya metali au ya amoniamu. Asidi ya salfyuriki inakupa salfeti, ya haidrokloriki inakupa kloraidi, ya naitriki inakupa naitreti. Kwa hiyo asidi inakuwa imeshachaguliwa na jina la chumvi yenyewe, kazi iliyobaki kwako ni kuchagua nani anakuja upande wa pili, na ataingiaje.

Vigezo kabla ya kugusa chupa

Cha kwanza kabisa, chumvi unayoitaka inayeyuka kwenye maji au haiyeyuki? Naitreti zote zinayeyuka. Chumvi za kawaida za sodiamu, potasiamu na amoniamu zinayeyuka. Kloraidi zinayeyuka isipokuwa ya fedha na ya risasi (ya risasi inakubali kuyeyuka kwenye maji ya moto, iweke akilini hiyo). Salfeti zinayeyuka isipokuwa ya bariamu na ya risasi, na ya kalisiamu ambayo inayeyuka kidogo mno, kama gramu 2 hivi kwenye lita nzima. Kaboneti ni kinyume, haziyeyuki ukitoa za sodiamu, potasiamu na amoniamu, na haidroksaidi za metali nyingi nazo haziyeyuki, za sodiamu na potasiamu ndo zinazoyeyuka vizuri sana na ya kalisiamu kidogo. Kama kuna aya moja ya kukariri katika mada nzima ya asidi, besi na chumvi basi ni hii, mengine unaweza kuyafikiria mwenyewe ukiwa umekaa.

Cha pili ni mabaki. Ukichanganya vitu viwili ni vigumu mno kupatia kiasi kamili, kimoja lazima kizidi, sasa hicho kilichozidi utakitoaje? Kama ni kigumu kisichoyeyuka unachuja tu. Kama kimeyeyuka humohumo pamoja na chumvi yako, kuchuja hakusaidii chochote. Na angalia hatari yake: ukiacha asidi ya salfyuriki izidi halafu ukavukiza maji, asidi haiondoki na maji, inabaki na kuzidi kuwa kali kadiri maji yanavyopungua, mwisho fuwele zako zimelowa asidi kali ya kuchoma ngozi. Asidi ya haidrokloriki ina afadhali kidogo maana sehemu kubwa inatoka kama gesi, ila hiyo gesi nayo inachoma pua na mapafu.

Cha tatu, utajuaje umefika mwisho, yaani macho yako yataona nini. Cha nne hatari, gesi gani inatoka, kitu gani ni sumu. Cha tano vifaa na muda. Njia zote nne nitazipitisha kwenye hivyo hivyo, ingawa kuna sehemu nitakaa zaidi maana ndo zina mambo.

Njia ya 1: asidi na metali

*Inavyokwenda.* Unaweka vipande vya metali kwenye asidi iliyopunguzwa nguvu, haidrojeni inatoka kwa mapovu, chumvi inabaki kwenye maji. Mfano mzuri ni zinki na asidi ya salfyuriki kupata zinki salfeti. Ukiwa na sentimita za ujazo 50 za asidi ya moli 1 kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu), zinki inayohitajika ni kama gramu 3.3, kwa hiyo ukiweka gramu 4 una uhakika asidi yote imeisha na zinki kidogo imebaki.

*Nani anabaki kwenye karatasi.* Metali iliyozidi. Chumvi inapita na maji.

*Mwisho unaonekanaje.* Mapovu yanakoma na metali bado ipo chini. Hivo viwili lazima viende pamoja: mapovu yakikoma na metali imeisha yote, maana yake asidi inaweza kuwa imebaki, ongeza kipande kingine uone. Zinki ikiwa safi sana inakwenda polepole, matone machache ya kopa salfeti (kopa ni shaba) yanaiharakisha, ila ujue hapo umeingiza kitu kingine humo ndani, shaba itatoka kama unga mwekunduekundu na kubaki kwenye karatasi pamoja na zinki iliyozidi, kwa hiyo haileti shida.

*Hatari.* Haidrojeni inalipuka ikikutana na moto, kwa hiyo usipashe kwa moto wa wazi wakati mapovu yanatoka, na fanya sehemu yenye hewa. Na hapa ndo penye mipaka mikubwa ya njia hii. Sodiamu na potasiamu usithubutu kabisa kuziweka kwenye asidi, zinalipuka. Shaba na fedha kwa upande wa pili hazifanyi kitu na asidi ya haidrokloriki wala ya salfyuriki iliyopunguzwa, utakaa hapo siku nzima unaangalia. Kwa hiyo njia hii ni ya wale wa katikati tu kwenye mpangilio wa ukali wa metali, magnesiamu, aluminiamu, zinki, chuma. Aluminiamu nayo inachelewa kuanza kwa sababu imejifunika ganda jembamba la oksaidi, ukiona kimya mwanzoni usidhani umekosea. Halafu asidi ya naitriki ni kesi ya peke yake, mara nyingi haitoi haidrojeni, inatoa oksaidi za naitrojeni, ile ya kahawia ni sumu, kwa hiyo naitreti usizitengeneze kwa metali kama una namna nyingine.

Kuna mtego mwingine ambao nimeona unawapata hata wanaojua. Kalisiamu au risasi ndani ya asidi ya salfyuriki: inaanza, mapovu yanaonekana, halafu inakufa. Salfeti inayotengenezwa haiyeyuki vizuri, inaifunika metali kama koti na asidi haiwezi kuifikia tena. Chumvi isiyoyeyuka haitengenezwi kwa kuanza na kigumu, itajifunikia mlango yenyewe.

*Vifaa na muda.* Bika, faneli, karatasi, bakuli la kuvukizia. Ni ya haraka, hasa kwa magnesiamu.

*Inamfaa nani.* Anayetaka chumvi ya magnesiamu, zinki au chuma na metali anayo. Kwa feras salfeti, ile chumvi ya chuma ya kijani hafifu, mimi naona njia hii ina faida ambayo nyingine hazina, chuma kinachobaki ndani kinazuia ioni za chuma zisigeuke kuwa zile za kahawia, kwa hiyo kiache humo mpaka dakika ya kuchuja.

Njia ya 2: asidi na besi isiyoyeyuka, au kaboneti

Hapa nitakaa kidogo.

*Inavyokwenda.* Metali imekataa kutenda na asidi? Oksaidi yake haikatai. Shaba haitaki asidi ya salfyuriki iliyopunguzwa, ila kopa oksaidi, ule unga mweusi, unayeyuka humo taratibu ukipasha na maji yanaanza kuwa ya bluu mbele ya macho yako. Huo ndo mrututu, kopa salfeti. Mara ya kwanza kuona kitu cheusi kinaingia kwenye maji yasiyo na rangi na kutoka bluu unaelewa kwa nini kuna watu wanaipenda hii kazi.

Kwa vipimo: chukua sentimita za ujazo 25 za asidi ya salfyuriki ya moli 1 kwa lita, pasha iwe ya moto bila kuchemka, weka unga mweusi kidogo kidogo huku unakoroga. Gramu 2 hivi ndo zinamaliza asidi yote, kwa hiyo andaa kama gramu 3. Ukitoa kila kitu vizuri, fuwele nyingi kabisa unazoweza kupata ni kama gramu 6.2, na ukipata 4 au 5 usisikitike, zilizobaki ziko kwenye maji uliyoyamwaga na kwenye karatasi.

*Nani anabaki kwenye karatasi.* Unga uliozidi. Ni mantiki ileile ya njia ya 1, kigumu kimezidi, asidi imeisha, chumvi imepita.

*Mwisho unaonekanaje.* Kwa oksaidi, unga unaacha kupotea, unakaa tu chini hata ukikoroga. Kwa kaboneti ni rahisi zaidi maana mapovu ya kabonidayoksaidi yanakuambia mwenyewe, yakikoma na unga bado upo umefika, na mara nyingi hata moto huhitaji. Ila kaboneti ukiimwaga yote kwa pamoja inafura kama povu la sabuni na kumwagika nje ya bika na chumvi yako inaondoka nayo, kwa hiyo kijiko kidogo kidogo. Oksaidi au kaboneti basi? Kama macho yako hayajazoea, kaboneti inakuonyesha mwisho waziwazi. Kama bika ni dogo au unataka utulivu, oksaidi.

*Hatari.* Asidi ya moto inachoma kuliko ya baridi, vaa miwani. Gesi ya kaboneti hailipuki, na hilo peke yake ni sababu ya wengi kuipenda kuliko njia ya 1. Mtego wa koti upo hapa pia, marumaru ndani ya asidi ya salfyuriki inajifunika kalisiamu salfeti na kusimama, lakini marumaru hiyohiyo ndani ya haidrokloriki inakwenda mpaka mwisho.

*Vifaa na muda.* Vilevile vya njia ya 1, ongeza moto. Muda unaoliwa sana ni wa fuwele. Na hapa naomba unisikilize maana nilipoteza kazi ya asubuhi nzima kwa hili: usikaushe maji yote kwenye moto. Nilikuwa na bakuli la bluu safi kabisa, nikawa na haraka, nikaliacha lichemke mpaka likauke, nikabaki na unga mweupe uliopasuka pasuka na kurukia meza nzima. Zile fuwele za bluu zina maji ndani yake, molekuli 5 za maji kwa kila kopa salfeti moja, ukizipasha sana maji yanatoka na bluu inaondoka nayo. Punguza maji mpaka kijiti cha kioo ukikichovya na kukitoa kionyeshe fuwele ndogo zikianza kikipoa, hapohapo zima moto, acha lipoe polepole lenyewe, hata mpaka kesho. Kadiri linavyopoa taratibu ndivyo fuwele zinavyokuwa kubwa na zenye pembe nzuri. Kisha chuja, suuza na maji kidogo sana ya baridi, kausha kwa kubana katikati ya karatasi za kuchujia.

*Inamfaa nani.* Anayetaka chumvi inayoyeyuka ya shaba, au ya risasi kama risasi naitreti, au ya metali yoyote ambayo yenyewe ni kali mno au ni pole mno kwa njia ya 1. Hata magnesiamu na zinki zinaweza kupitia hapa bila haidrojeni. Haimfai anayetaka chumvi za sodiamu, potasiamu au amoniamu, kwa sababu besi na kaboneti zao zote zinayeyuka, ukizidisha hakuna cha kuchuja.

Njia ya 3: asidi na alkali, kwa titresheni

*Inavyokwenda.* Sasa chukua sodiamu haidroksaidi na asidi ya haidrokloriki. Zote ni maji yasiyo na rangi, chumvi yake nayo inayeyuka, vyote vitatu vimo humo na hakuna hata kimoja kinachoonekana. Hapa kuzidisha ni marufuku kwa pande zote mbili, lazima ukome palepale zinapotoshana. Kwa hiyo unapima alkali kwa pipeti, tuseme sentimita za ujazo 25.0, unaweka matone mawili ya indiketa (rangi inayobadilika kati ya asidi na alkali), unadondosha asidi kutoka bureti huku unazungusha flaski, mpaka tone moja linabadilisha rangi. Unasoma bureti, unarudia mpaka usomaji wako ukubaliane ndani ya 0.1 hivi. Na hapa ndo wengi wanaposahau hatua: chumvi uliyoipata ina indiketa ndani yake, siyo safi. Sasa unajua kiasi kamili, kwa hiyo unarudia mara ya mwisho kwa vipimo vilevile bila indiketa kabisa, na hiyo ndo unaivukiza.

*Nani anabaki kwenye karatasi.* Hakuna mtu. Ndo maana ya njia hii kuwepo, imeziba pengo la pale karatasi inaposhindwa.

*Mwisho unaonekanaje.* Kwa rangi ya indiketa tu, kwa hiyo ukikosea indiketa umekosea yote. Fenofthalini inabadilika kati ya pH 8.3 na 10 hivi (pH ni kipimo cha uasidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali), waridi kwenye alkali na bila rangi kwenye asidi. Methili orenji inabadilika chini, kati ya 3.1 na 4.4, njano kwenye alkali na nyekundu kwenye asidi. Asidi kali na alkali kali ukikutanisha yoyote inafaa, maana pH inaruka ghafla sana pale mwisho. Asidi dhaifu kama ya ethanoiki na alkali kali, tumia fenofthalini. Amonia na asidi kali, tumia methili orenji. Litmasi hapa iache, inabadilika taratibu mno kwa kazi ya tone moja.

Kitu ninachokipenda sana kwenye njia hii, na hakitajwi vya kutosha, ni kwamba asidi ya salfyuriki ina haidrojeni mbili za kutoa. Sentimita 25 za sodiamu haidroksaidi ya moli 1 ukikutanisha na sentimita 12.5 za asidi ya moli 1 unapata sodiamu salfeti ya kawaida. Ukiongeza asidi mpaka sentimita 25 unapata sodiamu haidrojeni salfeti, chumvi nyingine kabisa ambayo bado ina tabia ya asidi, litmasi ya bluu inakuwa nyekundu. Chupa zilezile mbili, na kilichobadilika ni kipimo tu, njia nyingine tatu hazikupi uwezo huo.

*Hatari.* Watu wanaiogopa asidi na kuidharau alkali. Sodiamu haidroksaidi machoni ni mbaya sana, inaendelea kula ndani, miwani haina mjadala. Pipeti usinyonye kwa mdomo, tumia mpira wake.

*Vifaa na muda.* Hapa ndo bei yake ilipo, unahitaji bureti, pipeti na subira ya kurudia. Na kuvukiza kunategemea chumvi. Potasiamu naitreti inatoka vizuri kwa kupoza, kwenye gramu 100 za maji zinayeyuka gramu 32 hivi katika nyuzi 20 lakini karibu 246 katika nyuzi 100, kwa hiyo ukipoza inamwagika yenyewe fuwele. Sodiamu kloraidi haiko hivo, ni kama 36 kwenye baridi na 39 kwenye moto, ukipoza utangoja bure, hiyo lazima maji yaondoke yenyewe polepole. Chumvi za amoniamu zivukize kwa moto mdogo maana ukizipasha sana zinavunjika, na amoniamu naitreti hasa usiikaushe kwenye moto, inaweza kulipuka.

*Inamfaa nani.* Anayetaka chumvi ya sodiamu, potasiamu au amoniamu. Sodiamu kaboneti na asidi nayo inaingia hapahapa ingawa ina mapovu, wengi wanaipeleka njia ya 2 kwa kuona neno kaboneti, ila inayeyuka, kwa hiyo kanuni ya mabaki inairudisha huku.

Njia ya 4: kutuamisha

*Inavyokwenda.* Hii inageuza kila kitu. Unataka chumvi isiyoyeyuka, kwa hiyo unachukua myeyusho mmoja wenye metali unayoitaka na mwingine wenye nusu ya pili, unavimimina pamoja, na papo hapo maji yanakuwa ya maziwa na unga unaanza kutuama. Bariamu kloraidi na sodiamu salfeti, unapata bariamu salfeti nyeupe. Risasi naitreti na potasiamu ayodaidi, unapata risasi ayodaidi ya njano iliyokolea. Asidi yenyewe inaweza kutumika kama chanzo cha nusu ya pili, mfano asidi ya salfyuriki kwa ajili ya salfeti.

*Nani anabaki kwenye karatasi.* Chumvi yenyewe! Kwenye njia 1 na 2 karatasi ilishika takataka na kupitisha mali, hapa inashika mali na kupitisha takataka. Mtu akimwaga kile kilichobaki juu ya karatasi kwa mazoea amemwaga kazi yake yote.

*Mwisho unaonekanaje.* Haihangaishi. Ukizidisha upande mmoja hakuna shida kwa sababu ziada inapita na maji, suuza tu unga juu ya karatasi kwa maji yaliyotoneshwa mara mbili tatu. Ukitaka uhakika acha unga utuame, dondosha tone jingine kwenye maji ya juu, yakibaki angavu bila kuwa ya maziwa umemaliza.

*Hatari.* Chumvi za risasi na za bariamu zinazoyeyuka ni sumu, usishike kwa mkono mtupu na usimwage kwenye sinki, zina chombo chake cha taka. Ajabu ni kwamba bariamu salfeti yenyewe wagonjwa wanapewa wainywe hospitali ili utumbo uonekane kwenye eksirei, na haiwadhuru kwa sababu kinachoyeyuka ni miligramu zisizofika 3 kwenye lita nzima. Fedha naitreti inaacha madoa meusi kwenye ngozi, na fedha kloraidi inageuka kijivu ukiiacha kwenye mwanga, ikaushe gizani.

*Vifaa na muda.* Ni ya haraka kuliko zote, hakuna fuwele za kungojea. Kausha kwa joto dogo.

*Inamfaa nani.* Yeyote anayetaka chumvi isiyoyeyuka, na yeye tu. Usalama wa kuchagua: metali ichukue kutoka naitreti yake, nusu ya pili ichukue kutoka chumvi ya sodiamu au potasiamu, kwa sababu zote hizo zinayeyuka na mabaki yao sodiamu naitreti au potasiamu naitreti nayo yanayeyuka na kupita. Ukipuuza hilo unaweza kukutanisha bariamu haidroksaidi na kopa salfeti, ukapata bariamu salfeti na kopa haidroksaidi, vyote viwili vigumu, vimekaa pamoja kwenye karatasi na huna pa kuvitenganishia.

Pale njia moja haitoshi

Umepewa unga wa risasi kaboneti na unatakiwa risasi salfeti. Akili ya kwanza inasema mwagia asidi ya salfyuriki. Tayari unajua itakavyoisha, koti. Kaboneti haiyeyuki na salfeti haiyeyuki, kwa hiyo lazima upite katikati kwenye kitu kinachoyeyuka: kwanza asidi ya naitriki kwa njia ya 2 kupata risasi naitreti, chuja ziada, halafu mimina sodiamu salfeti kwa njia ya 4. Vilevile kutoka kopa oksaidi kwenda kopa kaboneti, unapita kwanza kwenye kopa salfeti ndo unaweka sodiamu kaboneti. Maswali mengi yanayoonekana magumu ni njia mbili zilizofuatana, na naitreti ndo daraja linalofanya kazi kila mara.

Kuna pia chumvi ambazo njia zote nne zinashindwa. Aluminiamu kloraidi isiyo na maji huwezi kuitoa kwenye myeyusho, ukivukiza inatendana na maji yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni kloraidi. Hizo zinatengenezwa kwa kupitisha klorini kavu juu ya metali ya moto, na feriki kloraidi (ya chuma) isiyo na maji nayo ni hivohivo. Hiyo ni kazi ya kwenye kabati la kutolea gesi na mtu mwenye uzoefu, usiijaribu kwa kusoma tu.

Sasa wewe uko wapi?

Chumvi yako haiyeyuki: njia ya 4, usiangalie nyingine. Kama vitu unavyoanza navyo haviyeyuki, pitia naitreti kwanza.

Inayeyuka na ni ya sodiamu, potasiamu au amoniamu: njia ya 3. Huna bureti lakini una karatasi za pH? Unaweza kukaribia kwa kudondosha na kugusa karatasi kwa kijiti, chumvi utaipata, ila usafi wake usiuamini kwa kazi ya vipimo.

Inayeyuka na ni ya magnesiamu, zinki au chuma: njia ya 1 na 2 zote zinafika. Una muda mfupi na hewa ya kutosha, metali. Uko kwenye chumba kimoja na watu wengi na moto unawaka mezani, nenda kwenye kaboneti au oksaidi, haidrojeni haitakuwepo kukutia wasiwasi. Ni naitreti unayotaka, oksaidi au kaboneti bila kufikiria mara mbili.

Inayeyuka na ni ya shaba au risasi: njia ya 2. Unafundisha na unataka wanafunzi waone kitu kwa macho, hapa mrututu ndo wa kuanza nao, rangi inawaonyesha kila hatua. Unawafundisha vipimo sahihi, titresheni itawafaa zaidi ingawa matokeo yake mezani ni unga mweupe tu.

Na kama bado umekwama, chora karatasi ya kuchujia kwenye daftari, andika juu yake kile kitakachobaki na chini yake kile kitakachopita. Ukiona mali na takataka zimekaa upande mmoja, badilisha ulichoanza nacho kabla hujawasha moto.